Unanunua tovuti? Uliza kwanza utatokaje

Septemba 25, 2024, watu waliokuwa wamelipia WP Engine, kampuni kubwa ya Marekani inayohifadhi tovuti, walifungua kurasa zao za usimamizi wakakuta masasisho ya plagini, yaani programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo, hayashuki tena kutoka ghala lake, WordPress.org. Tovuti zao hazikuwa na kosa lolote. Matt Mullenweg, aliyeianzisha WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, pamoja na Mike Little mwaka 2003, alikuwa amegombana na kampuni hiyo kuhusu matumizi ya jina na kuhusu inachochangia kwenye programu hii huria, akaifungia isilifikie ghala hilo. Oktoba kesi ikatua mahakamani California. Mwezi huohuo plagini maarufu ya WP Engine, Advanced Custom Fields, ikachukuliwa ndani ya ghala la WordPress.org na kupewa jina jingine. Desemba 10 jaji akaamuru WP Engine ifunguliwe tena ghala hilo wakati kesi ikiendelea.

Wewe unayetafuta tovuti ya gazeti dogo, ya asasi au ya duka huna hisa kwenye ugomvi huo, lakini unakuhusu. Ndiyo maana orodha yangu haifuati uzuri wa sura wala wingi wa vikorombwezo. Nimepanga kwa swali moja tu: siku ukikosana na anayekuhifadhi, au naye akikosana na mwingine, unaondoka na nini?

Namba moja bado ni WordPress, ile unayoiweka mwenyewe kwenye akaunti ya seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, unayoilipia wewe. Programu ni bure chini ya leseni huria ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Faida ya wingi huo kwetu ni mafundi: wa kwanza akizima simu, wa pili anaingia na kuendelea bila kuanza upya. Ukitaka kuuza, unaweka WooCommerce, plagini ya duka la mtandaoni, kisha plagini ya wakala wa malipo kama Pesapal, na mteja analipa kwa simu yake. Hata ule ugomvi wa 2024 haukuzima tovuti ya mtu. Ulichokata ni njia ya masasisho. Juni 2025 ulizinduliwa mradi unaoitwa FAIR, chini ya Linux Foundation, wa kujenga njia ya kusambaza plagini isiyotegemea mlango mmoja. Usiutegemee, lakini ulikuwa dalili kwamba jamii ya WordPress imesikia maumivu.

Hatari ya WordPress haiko California. Iko kwenye profoma unayoletewa na kampuni ya kutengeneza tovuti hapa mjini. Isome mstari kwa mstari. Mara nyingi ina mistari mitatu: kikoa (jina la anwani ya tovuti) na seva kwa mwaka mmoja, usanifu, halafu "plagini za kulipia".

Anza na kikoa. Kimesajiliwa kwa jina la nani, na barua pepe ya msajiliwa ni ya nani? Fundi wengi husajili kwa barua pepe zao kwa sababu ni haraka, si kwa ubaya. Ubaya unakuja mwaka wa pili, jina la biashara yako likiwa mikononi mwa mtu mnayedaiana naye. Usajili ufanyike kwa barua pepe yako tangu siku ya kwanza, na risiti ya msajili uipate wewe.

Kisha plagini za kulipia. Omba leseni. Kuna soko kubwa la plagini zilizovunjwa kufuli, zinazogawiwa bure, na nyingine hubeba mlango wa nyuma wa wadukuzi. Kuna pia fundi aliyenunua leseni moja halali akaitandaza kwa wateja wake wote. Akiacha kuilipia, nyote mnabaki bila masasisho siku moja. Bei ya tovuti nzima ikiwa ndogo kuliko leseni za vilivyomo ndani yake, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ghost naipa nafasi ya pili, na kwa baadhi ya wasomaji ingekuwa ya kwanza. Ilianza 2013, inamilikiwa na taasisi isiyogawa faida, na imetengenezwa kwa ajili ya mwandishi anayeuza usajili na jarida la barua pepe. Haikati chochote kwenye mapato yako, wakati Substack, mshindani wake, inachukua asilimia 10. Orodha ya wasomaji wako unaipakua yote na kuhama nayo. Tatizo ni kwamba malipo yake yamefungwa na Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya mtandaoni, na Stripe haikufungulii akaunti ukiwa Dar es Salaam au Nairobi. Mswahili anayeandika kutoka London au Toronto, mwenye benki huko, achukue Ghost bila kusita. Aliyeko nyumbani ajue pia kwamba haikai kwenye seva za bei rahisi zenye cPanel, ule ukurasa wa kuendeshea akaunti. Inataka seva yake yenyewe na mtu wa kuiangalia.

Ya tatu ni WordPress.com. Ni programu ileile, ila inahifadhiwa na Automattic, kampuni ya Mullenweg. Huhangaiki na seva, na ukichoka unahamisha maandishi yako. Unalipa kwa kadi, na uhuru wako unategemea kifurushi.

Drupal, programu nyingine huria ya kuendesha tovuti, ni ya nne kwa sababu tu mnunuzi mdogo haihitaji. Chuo kikuu au wizara, sawa. Ukiletewa, uliza toleo: Drupal 7 iliachwa kuhudumiwa rasmi Januari 5, 2025, na bado kuna tovuti zinazotembea nayo.

Wix, huduma ya kujitengenezea tovuti mtandaoni, naiweka mwisho, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote kutengeneza. Wix wenyewe wanasema tovuti yao haiwezi kuhamishiwa seva nyingine. Kwa tovuti ya harusi haina shida. Kwa biashara unayotaka ikue, hapana. Afadhali hata Blogger ya Google, ambayo ni bure na inakuruhusu kupakua machapisho yako. Sikuiweka kwenye orodha kwa kuwa hakuna unachonunua.

Kwa walioko Tanzania wanaochapisha habari, wekeni kwenye bajeti leseni ya maudhui ya mtandaoni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni zilianza 2018 na zimekuwa zikirekebishwa, kwa hiyo ulizeni ada ya sasa kabla ya kuagiza tovuti.

Ukishachagua, usimalizie malipo siku ya uzinduzi. Bakiza awamu ya mwisho hadi fundi akukabidhi nakala kamili na kuipandisha kwenye seva nyingine ukiangalia. Kama ni WordPress, usikubali lile faili la XML inalotoa la kuhamishia maandishi peke yake: lina maandishi, lakini picha limeandika anwani zake tu, na seva ya zamani ikizimwa picha zote zinapotea. Unahitaji hifadhidata, iliyobeba maandishi, pamoja na folda ya wp-content yote, iliyobeba picha, plagini na sura ya tovuti. Nakala ikifunguka ikiwa na picha zake, badilisha nenosiri la kikoa na la seva kwa simu yako mwenyewe, ndipo ulipe.