Uzoefu wangu na mthamini wa ardhi: shamba letu la Naliendele, Mtwara

Shamba liko njia ya Newala, limepimwa, na mikorosho ya marehemu baba bado inazaa. Kwenye mchoro wa mipango miji sehemu ya mbele imewekwa makazi na biashara, nyuma ni makazi tu. Kaka mkubwa alitaka sheli, shangazi alitaka gesti, mama hakutaka mkorosho hata mmoja uguswe. Tukaona bora tumlipe mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, atuambie ni matumizi gani yanayoipa ardhi ile thamani kubwa kuliko mengine. Nampa nyota nne.

Kazi yake ilianzia barabarani. Alishika tepu, kijana wake akasimama katikati ya lami, wakapima kuja kwetu. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mita 30 zilipoishia, mikorosho miwili ya mbele ilikuwa ndani ya hifadhi. Dalali aliyewahi kutupigia bei alikuwa amekihesabu kipande hicho kama ndicho chenye pesa zaidi, na tungemsikiliza tungegawana urithi kwa hesabu ya ardhi isiyokuwa yetu.

Hapo sheli ikafa. Sehemu ya biashara iliyobaki ni nyembamba, lori la mafuta halina pa kugeuzia. Kuisogeza nyuma kungehitaji kibali cha kubadili matumizi, na nyuma kuna majirani wanaoishi. Ndivyo alivyokwenda: kwanza sheria inaruhusu nini, pili ardhi yenyewe inabeba nini, tatu kipi kinalipa, mwisho katika vinavyolipa kipi kinalipa zaidi.

Kwenye malipo ndipo nilipomheshimu. Alichukua thamani ya jengo likishakamilika, akatoa gharama za ujenzi, riba ya mkopo na faida ya mjenzi. Kinachobaki ndicho ardhi inachostahili. Kwa gesti kilichobaki kilikuwa kidogo mno, maana alikuwa amezunguka kuuliza vyumba vinajaa lini, akakuta ni msimu wa korosho, miezi mingine wageni wa kubahatisha. Alipima na wazo la ghala, nalo likaangukia hapo hapo. Fremu za maduka mbele na nyumba za kupanga nyuma zilishinda, kwa sababu wapangaji wapo mwaka mzima, wakiwemo watumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha hapo Naliendele.

Kaka akamuuliza, "Na gesi je?" Sote tunakumbuka bei za viwanja zilivyoruka hapa Mtwara wakati wa bomba la gesi, kisha zikashuka na watu wakabaki na misingi iliyoota nyasi. Mthamini akamjibu kwa upole kwamba mradi wa kusindika gesi uko Likong'o, Lindi, na makubaliano ya awali ya Juni 2022 kati ya serikali na kampuni za gesi si uamuzi wa kuwekeza. "Kaka, mimi nathamini kwa soko la leo." Jibu hilo lilinipa imani naye kuliko muhuri wake.

Mama naye alipata haki yake. Ripoti inasema fremu zijengwe kwa awamu, na mikorosho ya nyuma iendelee kuvunwa mpaka zamu ya nyumba ifike, kwani kuing'oa sasa ni kutupa mapato bila kupata kitu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ripoti yote iliandikwa kwa Kiingereza. Mwenye shamba ni mama, na ilibidi nimsomee ukurasa kwa ukurasa nikimfasiria. Kabla hujalipa malipo ya awali, dai muhtasari wa Kiswahili uandikwe kwenye mkataba, na mthamini akija kupima hakikisha warithi wote mpo shambani.