Zumo 665 kwenye V-Strom yangu: redio iliyonyamaza kila nilipogeukia kaskazini

Wiki 3 za mwanzo redio ya setelaiti ya GPS niliyofunga kwenye pikipiki yangu ilikuwa ikiimba nikienda na kunyamaza nikirudi. Natoka nyumbani Roanoke, Virginia, nashika Blue Ridge Parkway, barabara ya mandhari ya milimani, kuelekea kusini hadi kinu cha kale cha Mabry Mill, sauti safi kama niko sebuleni. Nakunywa kahawa, nageuza pikipiki, njia ni ileile, miti ni ileile, anga halina hata wingu: neno moja, kimya, nusu ya wimbo, kimya. Niliamini nimenunua kifaa kibovu. Nilishakirudisha kwenye boksi lake na risiti juu yake, tayari kwenda kudai pesa zangu. Kumbe kilichokuwa kikiiziba redio ni kifua changu mimi mwenyewe, na hilo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Sasa ni Oktoba 2013 na huu ni msimu wangu wa 2 na Garmin zumo 665, iliyofungwa kwenye Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2009. Ni GPS ya pikipiki yenye skrini ya inchi 4.3, na pamoja nayo huja antena ya GXM 40 inayopokea redio ya setelaiti ya XM. Redio hiyo ni ya Marekani na ni ya kulipia, kwa hiyo ndugu zangu wa Mombasa na Dar msiitafute huko. Huko kwetu tulikuwa na WorldSpace, nayo redio ya setelaiti. Wenye umri wangu watakumbuka vile viredio na antena zake bapa, vikipokea kutoka setelaiti ya Afristar iliyorushwa 1998. Mjomba alikuwa nacho kimoja Kisauni, na kazi ya kuigeuzageuza antena dirishani ilikuwa yangu. Kampuni ilifilisika 2008, lakini somo la antena lilinibakia, ingawa nilichelewa kulikumbuka.

Kwa nini 665 na si kitu cha bei nafuu? Kwa sababu cha bei nafuu nilishakijaribu. Mwaka wa kwanza nilifunga GPS ya gari, nikaivika mfuko wa plastiki wa mkate na raba mbili. Jua likipiga, mfuko unang'aa husomi kitu. Mvua ya kwanza ya maana ikapenya kwenye tundu la chaji na habari yake ikaishia hapo. Baadaye nikatumia simu. Simu ni nzuri mjini, lakini juu ya milima ile kuna sehemu ndefu hazina mtandao kabisa, na kioo chake hakitambui kidole kilichovaa glavu. Matone ya mvua nayo yakikigusa, kinajifungulia mambo ambayo hukukiagiza. Skrini ya zumo huitikia msukumo, si ngozi. Naibonyeza na glavu nene za baridi, imelowa, na inaelewa.

Ningeweza kuchukua 660, ndugu yake asiye na redio, nikaokoa pesa na ada ya kila mwezi. Kama unaendesha mjini tu, chukua hiyo. Mimi nililipia 665 kwa ajili ya kitu ambacho watu wengi hawakitaji wakisema redio: antena ileile inayoleta muziki huleta pia ramani ya mvua na habari za foleni. Haitegemei mtandao wa simu. Mawingu ya mvua yanaonekana juu ya ramani yako, kijani kwa manyunyu, manjano, halafu nyekundu kwa ile mvua ambayo mtu wa pikipiki hapaswi kuwa chini yake.

Julai iliyopita nilikuwa na rafiki yangu Mkongomani, mtu wa Uvira, yeye na Honda yake nyuma yangu. Tulikuwa tumepita Mabry Mill tukielekea North Carolina. Juu yetu anga ni buluu. Kwenye skrini, upande wa magharibi, donge jekundu limeshavuka mpaka wa kaunti na linakuja kukata njia yetu. Nikasimama kando.

"Ndugu, tunatoka Parkway hapo Fancy Gap," nikamwambia.

Akatazama juu. "Mvua iko wapi, kaka? Mimi naona jua tu."

"Iko njiani."

Aliniamini kwa shingo upande. Tulikuwa tumeketi ndani ya mkahawa kama dakika 20 hivi mvua ilipoanguka. Ilianguka na mawe ya barafu ya ukubwa wa punje za mahindi, yakirukaruka juu ya viti vya pikipiki zetu. Parkway haina bega la barabara la kueleweka, haina taa, na chini ya miti majani yaliyolowa yanateleza kama ganda la ndizi. Sitaki kufikiria tungekuwa wapi. Rafiki yangu hakusema kitu muda mrefu, kisha akauliza: "Hii mashine bei gani?"

Lakini tahadhari moja, na naisema kwa uzito: picha ile ni ya dakika kadhaa zilizopita. Mpaka rada ipige, data ichakatwe, ipande setelaiti na kushuka kwako, dhoruba imeshasogea. Ukiona uwazi mwembamba kati ya madonge mawili mekundu usijaribu kupenya hapo, huenda umeshafungika. Mimi huitumia kuamua kusimama. Siitumii kuamua kupita.

Sasa turudi kwenye kufunga. Mara ya kwanza nilipeleka pikipiki kwa fundi dukani. Sikatai kwamba kazi ilionekana nadhifu: GPS katikati ya usukani, antena nyuma ya kioo cha mbele juu ya dashibodi, nyaya zote zimefichwa. Mambo mawili ndani yake yalikuwa mabaya.

La kwanza ni umeme. Waya wa zumo ulipelekwa moja kwa moja kwenye betri. Ukisahau kifaa kwenye kishikilio chake, kinaendelea kunyonya hata funguo ukiwa umezitoa. Niliiacha pikipiki siku 9 gereji, nikaja kuikuta haina hata nguvu ya kuwasha taa. Nilipoamua kuifanya upya mwenyewe nilinunua rilei ya kawaida ya gari, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Betri ya V-Strom iko chini ya kiti, kwa hiyo nafasi ipo. Umeme mkubwa unatoka chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi kwanza, unaingia kwenye rilei. Kinachoiamsha rilei ni waya mwembamba nilioutoa kwenye taa ya nyuma. Ukiwasha funguo, taa ya nyuma inawaka, rilei inafunga, zumo inapata umeme. Ukizima, vyote vinalala. Hasi inarudi kwenye betri yenyewe, usiikamatishe kwenye bolti yoyote ya fremu utakayoiona karibu. Maungio niliyachomea risasi, nikayavika mpira unaonywea kwa joto, maana mtikisiko wa pikipiki hulegeza waya uliosokotwa kwa vidole tu. Kazi nzima ilinichukua Jumamosi moja, kuanzia baada ya chai mpaka alasiri.

La pili ndilo la antena.

Setelaiti za GPS ni nyingi, zinazunguka dunia kwa umbali wa kilomita kama 20,200, na wakati wowote kuna kadhaa juu yako pande zote. Mti ukizificha mbili, nyingine zipo. Ndiyo maana ramani yangu haikuwahi kupotea. Setelaiti za XM ni kitu kingine. Zimekaa juu ya ikweta, kilomita kama 35,800 kutoka ardhini, na kwa mtu aliyeko Marekani zimetulia mahali pamoja kama taa iliyotundikwa. Mombasa, jirani na ikweta, Afristar ilikuwa juu sana, antena ya mjomba ilitaka kulazwa kidogo tu. Virginia iko mbali kaskazini mwa ikweta. Ukitaka kuziona za XM lazima uangalie kusini, karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi.

Basi fikiria antena iko dashibodini na mimi nimekaa nyuma yake. Nikielekea kusini, anga la kusini liko mbele, wazi. Nikigeuka kaskazini, kati ya antena na setelaiti kuna kifua, mabega na helmeti. Niligundua jioni moja nimesimama kwenye kituo cha kutazama mandhari, pikipiki imeelekea nyumbani, redio kimya. Nikashuka kuvua koti. Muziki ukarudi. Nikapanda, ukakata. Nikashuka tena, ukarudi. Nilipanda na kushuka mara 5 au 6, na mzee mmoja aliyekuwa na mbwa wake akanitazama kwa huruma. Ile risiti niliichana usiku uleule.

Antena ikahamia nyuma, kwenye mfuniko wa sanduku la mizigo, ukingoni kabisa, mbali na mgongo wangu kadiri inavyowezekana. Ina sumaku chini yake kwa sababu imetengenezwa kukaa juu ya bati, na bati hilo pia huisaidia kupokea. Sanduku langu ni plastiki. Nilichukua mfuniko wa mkebe wa biskuti, nikaukata duara la kama sentimita 15, nikausugua kingo kwa msasa, nikaupaka rangi nyeusi na kuugandisha kwa gundi ya magari. Antena inanata hapo tap! Lakini sumaku peke yake siiamini kwenye barabara kuu ya I-81, malori yakikupita upepo wake unakusukuma mwili mzima, kwa hiyo nimeongeza vifungio viwili vya plastiki. Waya unashuka nyuma ya sanduku, unapita chini ya kiti na chini ya tangi mpaka mbele. Hapo acha ulegevu wa kutosha. Kabla hujakaza chochote, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia, ukiangalia kila waya. Wangu mmoja ulikuwa ukibanwa na shingo ya fremu, na ningekaza bila kuangalia ningekuja kuukata ndani ya mwezi.

Kishikilio cha GPS ni cha kampuni ya RAM, kile chenye tufe la inchi 1 lililofunikwa raba, linalofungwa kwenye usukani kwa bolti yenye umbo la U. Sina la kusema zaidi ya kwamba hakijawahi kulegea. Kiweke juu, karibu na usawa wa saa ya mwendo, ili jicho lisishuke mbali. Fundi alikiweka chini karibu na tangi na kila kutazama ramani nilikuwa natazama kitovu changu. Kwenye Parkway, kwa maili 45 kwa saa na kona zisizoisha, sekunde hiyo moja ni ndefu.

Kuhusu sauti: naisikiliza kwa spika nyembamba ndani ya helmeti. Sheria ya Virginia inakataza visikizio vya masikio yote mawili ukiwa unaendesha, lakini vifaa vya mawasiliano vilivyo sehemu ya helmeti ya pikipiki havimo kwenye katazo hilo. Kwenye Parkway nasikia kila neno. Kwenye I-81 kwa maili 70, upepo unameza karibu yote na mimi huzima. Sisikilizi sana muziki siku hizi, zaidi ni BBC World Service, ambayo milimani huko hakuna redio ya kawaida inayonipatia.

Bado hukatika. Chini ya daraja inavumilia sekunde chache, kwenye mahandaki ya North Carolina inanyamaza, na Juni na Julai miti ikijaa majani kuna mabonde ambako inachechemea. Wiki hii, majani yameshaanza kudondoka, inaimba karibu muda wote. Tulipita Jumamosi, mimi na mke wangu. Barabara yenyewe iko wazi, lakini vituo vya wageni vimefungwa kwa sababu serikali ya shirikisho imesimamisha kazi, kwa hiyo tulikula chapati zetu juu ya ukuta wa mawe.

Ila nikimpakia yeye, mgongo wake uko pale pale mbele ya antena, na tukielekea kusini redio inaanza kukata upya. Nimeshakata kibati cha kuinyanyua antena sentimita 20 juu ya sanduku. Nitakifunga kabla ya Aprili, na kama upepo utakitikisa nitajua nikifika Roanoke.