TAHADHARI: Kauri za zambarau (makombe ya konokono wa baharini) zinazotembezwa Feri, Dar es Salaam, ni kauri za kawaida zilizopigwa msasa

Ninaandika kwa aibu, kwa kuwa wengi wenu mmenisikia nikijigamba kwamba mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Jumamosi iliyopita niliuziwa saba.

Kijana huyo alinikuta kandokando ya soko la samaki, akaniamkia "Shikamoo mama", akatoa kopo la dawa lililojaa pamba na kuanza kufunua kauri moja baada ya nyingine kama mtu aliyebeba mayai ya kware. Zilikuwa ndogo, hazizidi sentimita mbili na nusu, zambarau mgongoni na zinang'aa kiasi kwamba nilisahau kabisa kioo cha kukuzia kilichokuwa mkobani mwangu. Alisema zimetoka Mafia, kwenye kina ambako wazamiaji hawafiki mara kwa mara.

Msinicheke, kwa maana alianza kwa kuniweka kauri mbili nyingine kiganjani na kunieleza, bila kusitasita, kwamba ile yenye vinundu ubavuni ni Monetaria moneta, ile laini yenye pete ya rangi ya dhahabu ni Monetaria annulus, na kwamba baadhi ya moneta nazo huwa na pete hafifu inayoweza kumpoteza mtu. Yote hayo ni kweli. Mtu wa namna hiyo ningemshuku kwa lipi? Nikamlipa shilingi 15,000 kwa kila moja, tena nikamshukuru.

Usiku niliziosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Mafuta yakatoka, mng'ao ukaondoka nayo, na chini ya kioo nikaona mikwaruzo ya msasa iliyoelekea upande mmoja. Katika mbili kati yake, kipande cha pete kilikuwa bado kimebaki ubavuni. Ni annulus tupu, zile zile ambazo wafanyabiashara wa Hamburg walizisomba kwa meli kutoka Zanzibar katika karne ya 19 na kuzipeleka Afrika Magharibi kutumika kama fedha, hadi thamani yake ikaporomoka. Ukiusugua mgongo wake, tabaka la chini ni zambarau, na kazi hiyo mawimbi ya Kigamboni huifanya bure.

Basi tazameni mahali rangi inapokatika ghafla karibu na ubavu, na mpapase mgongo kama umekuwa bapa. Zaidi ya hapo sina subira ya kueleza, kwa sababu ninachotaka hasa ni kijana huyo afikishwe polisi, arudishe fedha za kila aliyemlaghai, na kabla ya hapo akalishwe chini asugue kauri mia moja kwa msasa ule ule huku sisi tuliolipa tukimtazama.

Simu yake haipatikani tangu Jumapili. Lebo saba nilizoziandika kwa wino usiofutika, "Mafia, kina kirefu", bado zimo kisandukuni.