Miezi minane ya kujifunza Kisakha kwa simu: uzoefu wangu

Nilipokuwa nasoma Saint Petersburg, mwenzangu wa chumbani hosteli alikuwa Msakha kutoka kijiji kimoja kando ya mto Lena. Kila Jumapili alimpigia simu bibi yake. Siku hiyo sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, na katikati ya maneno nisiyoyajua nilisikia "gh" yetu ya ghali na lugha, na "ng'" ya ng'ombe. Katika Kirusi nilichofundishwa, sauti hizo hazimo. Nikamuuliza anaongea lugha gani. Akaniambia: саха тыла, lugha ya Wasakha. Wengi nje ya kwao wanaiita Kiyakuti.

Nilirudi Morogoro bila kujua zaidi ya salamu. Mwaka jana nikaamua kujifunza kweli, na kwa kuwa watu wawili watatu wameniuliza nilianzia wapi, naandika hapa nilichotumia, kilichonisaidia na kilichonipotezea bando.

Kwanza, ili mjue tunazungumzia nini. Jamhuri ya Sakha iko kaskazini mashariki mwa Urusi, na eneo lake ni zaidi ya mara tatu ya Tanzania, ilhali watu wake ni kama milioni moja tu. Sensa ya Urusi ya 2010 ilihesabu wasemaji wa Kisakha wapatao 450,000. Ni jamaa ya Kituruki, na katika jamhuri hiyo ni lugha rasmi pamoja na Kirusi. Hata hivyo UNESCO imeiweka kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini, ngazi ya kwanza, yenye hatari ndogo kuliko zote.

Nilianza na programu ya simu ya bure. Jina lake naliacha, maana walioitengeneza ni wachache na nia yao ni njema. Inakuonyesha picha, neno linatokea chini, unachagua. Kwa wiki mbili nilifurahi sana: сылгы farasi, үүт maziwa, хаар theluji. Tatizo likaanza kwenye wingi. Nilijua ат ni farasi wa kupanda, na wingi nimeuona kwenye оҕо, mtoto, kuwa оҕолор, watoto. Nikaandika атлар. Kosa. Nikajaribu атлор. Kosa. Ikanionyesha jibu sahihi, аттар, ikasonga mbele bila neno moja la kueleza kwa nini. Kwa кинигэ, kitabu, ikaja кинигэлэр. Kwa көтөр, ndege, ikaja көтөрдөр. Nikaona nakariri kama kasuku, nikaizima.

Sauti nayo ni kwa baadhi ya maneno tu. Kwa lugha hii huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu irabu fupi na irabu ndefu hutofautisha maana, na zipo irabu ambazo Mswahili hajawahi kuziumba mdomoni: ө, ү, ы. Kusoma maandishi yake bila kuyasikia ni sawa na kujifunza kuogelea kwenye mkeka.

Kilichoniokoa ni darasa la mtandaoni la mwalimu mmoja wa Yakutsk. Jumamosi saa nane mchana kwangu, saa mbili usiku kwake. Siku ya kwanza nilimwita kwa jina lake na la baba yake, kama Warusi wanavyofanya kwa heshima. Akasema hapana, katika Kisakha niite эдьиий (tamka ejiiy), dada mkubwa. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyomwita.

Nilipomweleza kisa cha farasi, alichora mistari miwili ubaoni na nusu saa ikatosha. Irabu za kiambishi hufuata irabu za neno, na konsonanti yake hufuata herufi ya mwisho ya neno. Kwa hiyo kiambishi kimoja cha wingi kina sura 16. Wenzangu darasani waliguna. Mimi nilicheka kwa furaha, kwa sababu sisi pia tunasema pigia lakini somea, andikia lakini letea, wala hakuna aliyetufundisha kanuni hiyo utotoni. Tofauti ni kwamba sisi tunapachika vingi mbele ya neno, wao wanapachika nyuma: оҕо mtoto, оҕолор watoto, оҕолорум watoto wangu, оҕолорбор (ogholorbor) kwa watoto wangu. Litamkeni hilo la mwisho taratibu. Ni o tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Yapo mengine ambayo Mswahili anayapata bila jasho. Herufi ҕ ni gh. Herufi ҥ ni ng'. Нь ni ny. Кини ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Тыл ni ulimi, ni neno, ni lugha. Na maneno waliyochukua kwa Warusi wameyalainisha kama sisi tunavyolainisha yetu, hawapendi konsonanti zibanane: kniga ikawa кинигэ, stol (meza) ikawa остуол, shkola ikawa оскуола. Mtu wa Unguja aliyesoma skuli atajisikia nyumbani. Vifaa vyote nilivyotumia vinamchukulia mwanafunzi kuwa ni mtu wa Kirusi, vinamtahadharisha kuhusu ҕ na ҥ kama milima mirefu. Kwetu ni tambarare. Mlima wetu ni ө na ү, na hapo hakuna kifaa kilichonisaidia isipokuwa эдьиий kukaribia kamera na kunionyesha midomo yake.

Darasani tulikuwa saba. Watano walikuwa vijana wa Kisakha waliokulia mjini. Bibi zao wakisema wanaelewa kila kitu, lakini wakifungua mdomo kinatoka Kirusi. Tangu 2018 sheria ya Urusi imefanya somo la lugha za wenyeji shuleni kuwa la hiari, kwa maombi ya wazazi, hivyo mtoto anaweza kumaliza shule bila kulisoma. Kijana mmoja alituambia anasoma ili amwimbie mwanawe atakayezaliwa. Niliguswa, kwa sababu mimi ni Mluguru, na bibi yangu akinisemesha Kiluguru namjibu Kiswahili.

Tarehe 13 Februari hatukugusa sarufi. Ni siku ya lugha na maandishi yao, siku aliyozaliwa Semyon Novgorodov, aliyetunga alfabeti ya Kisakha ya herufi za Kilatini mwaka 1917. Alifariki 1924, kijana bado. Alfabeti ya Kisirili, yenye herufi kama za Kirusi, inayotumika sasa ilikuja 1939. Эдьиий alituonyesha kurasa za zamani, kila mmoja akasoma mstari.

Kuandika ni kazi nyingine. Windows ina kibodi ya Kisakha tayari ndani yake, unaiwasha tu kwenye mipangilio. Lakini miaka mingi watu hawakuwa nayo, wakazoea kuandika 5 mahali pa ҕ kwa sababu zinafanana. Ukikuta о5о kwenye ujumbe, usishangae, ni mtoto. Эдьиий hakubali hata mara moja. Anasema kompyuta nayo inajifunza kwetu, tukiiandikia tarakimu itajifunza tarakimu. Nimemwelewa vizuri zaidi tangu Juni 2024, Google ilipoongeza lugha 110 kwenye mfasiri wake na Kisakha kikawemo. Mashine hizo hulishwa maandishi ya watu.

Mashine za kutafsiri natumia kusomea, siziamini kuandikia. Moja iliniaibisha: ilinipa barua nzima ya shukrani yenye эн, wewe ya rika lako, badala ya эһиги ya mtu unayemheshimu. Niliituma hivyo hivyo kwa mwalimu. Alinisahihisha kwa upole, lakini mimi niliyelelewa na shikamoo niliona haya siku nzima.

Kwa kusikiliza nawashauri Common Voice, mradi wa mtandaoni wa Mozilla. Watu wa kawaida wanasoma sentensi, wengine wanasikiliza na kupiga kura kama imesomwa sawasawa, na rekodi zote anapewa bure yeyote anayezitaka. Kisakha kimo na Kiswahili kimo. Kwa Kisakha nasikiliza tu, kura nawaachia wenyewe. Kwa Kiswahili nasoma sentensi kumi kila usiku kabla ya kulala.

Malipo ya darasa yanahitaji mpango. Kadi za Visa na Mastercard za kutoka nje hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022, na yangu iligoma mara tatu kabla sijajua sababu. Mwishowe tulikubaliana na эдьиий, mimi nimfundishe mwanawe Kiingereza saa moja kwa wiki, naye asinitoze ada. Jambo lingine: darasa linaendeshwa kwa Kirusi. Kama hukijui, kwa sasa sijaona njia nzuri ya kuingia, na hilo linanisikitisha kuliko yote niliyoyataja.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa hosteli alikwenda kijijini likizo. Akanitumia ujumbe wa sauti. Haikuwa sauti yake, ilikuwa ya bibi yake, yule wa Jumapili. Aliniuliza: "Хаар баар дуо?" Theluji ipo huko? Sikufungua kamusi. Nilibonyeza maikrofoni nikamjibu, "Суох, эбээ, хаар суох." Hakuna, bibi, theluji hakuna. Baada ya dakika chache akaniletea maneno mengine, marefu, anacheka katikati. Nimeelewa nusu. Nusu iliyobaki nimeiweka, Jumamosi saa nane nitamchezea эдьиий.