Korongo la Geibikei: upondo, maji na majabali

Nimekulia Lamu, na babu yangu alikuwa akipitisha mtumbwi mikandaani kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Basi niliposikia kwamba huko Japani, mkoa wa Iwate, kuna korongo ambako abiria hadi leo hupandishwa mto kwa upondo tu, bila injini, nikasema lazima nifike.

Kutoka Tokyo nilipanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Ichinoseki, mwendo wa kama saa mbili, kisha treni ya kawaida nusu saa hivi hadi kituo cha Geibikei. Kutoka hapo hadi gatini unakwenda kwa miguu, si mbali. Ila angalieni ratiba mapema, treni hiyo ndogo hupita mara chache. Moja iliniacha hivi hivi naiona, nikangoja zaidi ya saa nzima.

Chomboni mnavua viatu na kukaa chini. Mwenye magoti mabovu ajiandae, maana kwenda na kurudi ni kama dakika 90. Mpiga pondo husimama tezini, nyuma ya chombo. Mto Satetsu hauna kina kirefu na maji yake ni maangavu, samaki unawaona mmoja mmoja. Upondo ukigusa changarawe unasikia mkwaruzo, chombo kinajongea, kisha matone yanadondoka kutoka kwenye ncha, halafu kimya. Pande zote mbili ni majabali ya mawe ya chokaa, na bata wanafuata nyuma wakingoja kutupiwa chakula.

Huko juu mnateremka kidogo mkatembee hadi Daigeibigan, jabali la mita 124. Ng'ambo ya mto kuna tundu mwambani. Unanunua vijiwe vya udongo vilivyoandikwa maneno ya heri, unanuia, unarusha. Vyangu vitano vyote viliishia majini. Bibi mmoja wa Kijapani akanishika mkono, akanitilia kiganjani chake cha mwisho. Nilirudi nacho nyumbani, sikukirusha.

Wakati wa kurudi maji ndiyo yanayowachukua. Mpiga pondo akainua upondo wake, akaimba wimbo wa kwao taratibu, na sauti ikagonga jabali ikaturudia. Maneno sikuyaelewa, lakini machozi yalinitoka. Babu naye alikuwa akiimba maji yakimchukua.

Nauli siijutii hata kidogo. Majira ya baridi huweka ndani ya chombo kotatsu, meza yenye joto chini na blanketi la kufunika miguu. Nikijaliwa, Januari nitarudi na mamangu.