Kabla Hujalipia Muziki wa Hi-Res, Ifuate Sauti Mpaka Sikioni

Nililipia muziki wa Hi-Res, yaani sauti yenye vipimo vya kina kuliko CD, mwaka mzima, daraja la juu kabisa, na mwaka ukaisha sijasikia hata dakika moja ya Hi-Res. Hasara hiyo inaniuma mpaka leo. Simu yangu ilikuwa nzuri. Hedifoni zangu za Bluetooth zilikuja na stika ya dhahabu kwenye boksi. Na kwenye skrini, kila wimbo niliofungua uliandikwa biti 24, kilohezi 96: biti ni kina cha kila kipimo cha sauti, kilohezi ni maelfu ya vipimo kwa sekunde. Nikaamini, kwa sababu kila nilichokiona kiliniambia niamini.

Nilizinduka siku niliyonunua DAC, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB-C kinachogeuza tarakimu kuwa mawimbi ya sauti. Changu kina taa moja ndogo. Ikiwaka kijani, sauti inayoingia ni ya kilohezi 44.1. Buluu ni 48, zambarau ni 96. Nikafungua albamu ya 96. Skrini ikaandika 96, taa ikawaka buluu. Nikaweka albamu ya 44.1: buluu. Nikatafuta nyingine ya 192: buluu ile ile. Nilikaa ukingoni mwa kitanda naitazama ile taa, nikichomoa na kuchomeka tena, nikidhani kidude ni kibovu. Hakikuwa kibovu. Skrini ilikuwa inasoma faili lililotoka mtandaoni, na taa ilikuwa inasoma kilichofika.

Tangu hapo, msomaji akiniandikia "dada, nilipie ipi?", swali langu la kwanza si la bei wala idadi ya nyimbo. Namuuliza: kwenye simu yako, sauti inatokea wapi?

Bluetooth

Wengi hujibu Bluetooth, na hapo mazungumzo ya Hi-Res yanakwisha. CD ya kawaida ni biti 16 na kilohezi 44.1, sawa na kilobiti 1,411 kwa sekunde. Hi-Res ya juu kabisa, biti 24 na kilohezi 192, ni kilobiti 9,216. FLAC na ALAC, aina mbili za mafaili ya muziki, huyakunja hayo bila kutupa kitu, lakini bado ni mzigo mkubwa. Sasa angalia mlango wa kutokea. Kodeki ni njia ya kuufinya wimbo ili upite hewani. Ile ya SBC, ambayo kila hedifoni ya Bluetooth inayo, kwa kawaida haifiki kilobiti 350. iPhone hutuma kwa AAC, takriban 256. LDAC ya Sony, iliyoingizwa kwenye Android 8.0 mwaka 2017, inafika 990 mambo yakiwa shwari, lakini ukiitia simu mfuko wa nyuma na mwili ukakinga mawimbi, inateremka hadi 660 au 330. Ni debe la maji linapitishwa kwenye mrija wa soda: kabla wimbo haujaondoka kwenye simu, unakatwa upya ili upenye.

Ipo aptX Lossless ya Qualcomm, iliyotangazwa mwaka 2021, ambayo inabeba CD nzima mambo yakiwa mazuri. Sharti simu na hedifoni zote mbili ziwe nayo. iPhone haina aptX wala LDAC, kwa hiyo hedifoni yenye stika ya LDAC ukiiunganisha na iPhone, stika imebaki kwenye boksi.

Hata waya una yake

Taa yangu ya buluu haikutokana na Bluetooth. Nilikuwa kwenye waya. Android kwa desturi yake hukusanya sauti zote za simu, wimbo pamoja na mlio wa ujumbe na kengele, inazichanganya na kuzitoa kwa kiwango kimoja, mara nyingi kilohezi 48. Android 14, ya mwaka 2023, ilifungua njia ya kupeleka sauti kwenye USB bila kuigusa, lakini mpaka simu na programu ya muziki zote ziitumie njia hiyo. Dawa iliyonisaidia mimi ni USB Audio Player PRO, programu unayoinunua mara moja, inayoongea na DAC moja kwa moja bila kupitia kwenye ule mchanganyiko. Nilipoifungua mara ya kwanza na kuweka ile ile albamu ya 96, taa ikasita kidogo, kisha ikawa zambarau. Nilimwita mdogo wangu aje aone.

Wenye iPhone mambo yao ni mepesi zaidi kwenye waya: ukichomeka DAC, simu inafuata kiwango cha wimbo. Ila adapta ndogo ya Apple yenyewe inaishia biti 24 na kilohezi 48. Ukitaka zaidi, nunua DAC nyingine.

Na kuna adapta za USB-C kwenda tundu la hedifoni zinazofanana kama mapacha: moja ina DAC ndani, nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti yenyewe. Simu nyingi hazitoi. Ukiichomeka hiyo ya pili, unapata kimya. Muulize muuzaji kabla hujafungua pochi: "Ina DAC ndani au haina?" Akibabaika, iache.

Masikio yanasemaje

Hapa nitasema machache kwa sababu watu wamebishana miaka. Sikio la binadamu linaishia karibu kilohezi 20, na umri unavyosogea linapungua. CD inabeba sauti mpaka 22, nusu ya ile 44.1 ya vipimo vyake. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio ambalo muziki wa Hi-Res ulipitishwa kwenye kiwango cha CD kwa siri, na wasikilizaji wakashindwa kutofautisha. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya majaribio 18 ya aina hiyo: kwa ujumla watu walipatia asilimia 52.3, juu kidogo ya kubahatisha, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi.

Nyumbani nilimpa mdogo wangu abadilishe huku mimi nimefumba macho. Kati ya Bluetooth na CD kwa waya, nilipatia mara 9 kati ya 10. Matoazi kwenye Bluetooth yanakwaruza kama mchanga, na mwangwi unakatika kabla haujaisha. Kati ya CD na 192, zote kwa waya, nilipatia mara 6. Kwa hiyo fedha yako iende kwenye waya kwanza. Namba za juu zitafuata zenyewe.

Ninavyozipanga

1. Qobuz. Naipenda na sifichi. Ni ya Wafaransa, ilianza mwaka 2007, na mwaka 2019 iliacha kuuza daraja la MP3: malipo yako yanakupa ubora wa CD mpaka 24 kwa 192. Inaingia ndani ya USB Audio Player PRO, ndiyo maana taa yangu iligeuka. Albamu nyingi zina kijitabu chake, unafungua kurasa na kusoma nani alipiga besi na nani alikuwa kwenye mitambo. Mimi ni mtu wa kusoma majina hayo, na miaka yote ya kusikiliza mtandaoni nilikuwa nimenyimwa. Tena ina duka: albamu unayoipenda unainunua, unaishusha, inakuwa yako hata ukiacha kulipa mwezi. Kasoro yake kubwa ni kwamba haipatikani nchi zote. Angalia kwako kama ipo.

2. Apple Music. Mwenye iPhone asihangaike. Tangu Juni 2021 Hi-Res imo bila nyongeza, mpaka 24 kwa 192. Lakini haijiwashi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya muziki, kisha ubora wa sauti, uwashe mwenyewe. Kuna watu wana miaka kadhaa humo na hawajawahi kugusa hicho kitufe.

3. Amazon Music. Naiweka hapa kwa jambo moja ambalo wengine wangeliiga: ukigusa alama ya ubora, inakuonyesha mistari mitatu, yaani ubora wa wimbo, uwezo wa kifaa chako, na kiwango kinachopigwa sasa hivi. Ningekuwa nayo mwaka ule, nisingesubiri taa inifundishe. Ilianza Hi-Res mwaka 2019 kwa malipo ya ziada, Mei 2021 ikayafuta.

4. Tidal. Sauti nzuri, na yenyewe inaingia USB Audio Player PRO. Kinachonizuia ni historia. Kwa miaka ilitoa nyimbo zake za juu kwa MQA, mfumo uliopoteza sehemu ya data, na watu wakalipia daraja la ghali kwa ajili hiyo. Aprili 2024 iliunganisha madaraja yake ya kulipia na Julai mwaka huo ikaachana na MQA, ikabaki na FLAC. Imejirekebisha, ila waliolipa zamani walishalipa.

5. Spotify. Iliahidi Februari 2021, ikaleta Septemba 2025: FLAC mpaka biti 24 na kilohezi 44.1. Kwa simu inatosha kabisa, na wenyewe wanakiri kwamba Bluetooth haina nafasi ya kuibeba. Iwashe kwenye kila kifaa chako kimoja kimoja.

Deezer ina ubora wa CD, haina zaidi. YouTube Music inaishia kilobiti 256, kwa hiyo haihusiki hapa.

Bando

Kwa hesabu za Apple yenyewe, wimbo wa dakika 3 kwa ubora wa kawaida ni megabaiti 6, usiopunguzwa ni 36, na Hi-Res ya 192 ni 145. Piga hesabu ya albamu moja ukiwa safarini. Shusha nyimbo zako kwenye Wi-Fi usiku, na kwenye data ya simu weka ubora wa kawaida.

Wauzaji mnatukosea

Ile stika ya dhahabu ni ya chama cha sauti cha Japani, na kwa hedifoni inadai zifike kilohezi 40, mara mbili ya sikio lolote. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na duka lililoniuzia. Niliuliza wazi, nikiwa nimeshika simu yangu mkononi, "na simu hii zitatoa Hi-Res?" Kijana akaniambia "bila shaka, mama, si unaona stika?" Hakuiuliza simu yangu ina kodeki gani. Baadaye, nilipoangalia mipangilio ya Bluetooth, ilikuwa imeandika SBC. Nikazirudisha kesho yake, wakasema boksi limeshafunguliwa.

Na wale walionikata fedha ya mwaka mzima niliwaandikia mara tatu, nikaambatisha picha ya skrini yenye 96 na picha ya taa ya buluu. Jibu la tatu ndilo lililokuwa la mtu na si la mashine: "Ubora halisi hutegemea kifaa cha msikilizaji." Sentensi fupi, maneno sita. Ingekaa vizuri kabisa juu ya kile kitufe cha kulipia, mahali nilipoweza kuisoma kabla ya kubonyeza.