Soko la Krismasi la Leipzig kwa mtu aliye mbali na kwao

Kwa sisi tuliozaliwa mlimani Kilimanjaro, Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani, na hata wanaotutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa wanajua kuwa Mchaga asiyeonekana kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo wake, siku ya Krismasi ataulizwa sababu hadi Pasaka. Mimi sijaonekana kwa miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa masomo yamenileta Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, na kila Desemba mahali ninapokimbilia nikizidiwa na upweke ni soko la Krismasi la mji huu. Ni soko zuri kweli, lakini lina jambo moja ambalo mgeni asipoambiwa mapema litamuumiza.

Soko hufunguliwa katika wiki ya mwisho ya Novemba kwenye uwanja wa Marktplatz, mbele ya jengo la zamani la halmashauri, na vibanda vyake huenea hadi mitaa ya jirani. Wenyeji huhesabu historia yake tangu mwaka 1458, na kuingia ni bure. Mwaka wa kwanza, kilichonishika hakikuwa taa wala harufu ya lozi zinazokaangwa kwa sukari, bali matarumbeta. Wapigaji walisimama juu kwenye roshani ya jengo lile wakaanza wimbo wa Krismasi ninaoujua tangu utotoni, kwa sauti zilezile nne zinazopigwa na bendi ya usharika wetu, nami nikabaki nimesimama katikati ya watu hadi kinywaji changu kikapoa. Wamisionari wa Kilutheri waliofika kwetu mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig, kwa hiyo nyimbo hizo zilikuwa zimetoka huku kwenda mlimani muda mrefu kabla mimi sijapita njia hiyo kinyumenyume.

Kinywaji chenyewe ni Glühwein, yaani mvinyo mwekundu uliopashwa moto pamoja na mdalasini, karafuu na maganda ya chungwa. Asiyetumia pombe aombe Kinderpunsch, ambayo ni maji ya matunda yenye viungo hivyohivyo, na kwa maoni yangu ndiyo tamu zaidi. Hutiwa katika kikombe kizito, nawe ukikishika kwa mikono miwili, vidole vilivyokufa ganzi hurudi kimoja baada ya kingine. Kikombe hulipiwa amana inayorudishwa, lakini kirudishe palepale ulipokichukua, kwa sababu kibanda kimoja kilikataa kunirudishia fedha yangu kwa maneno makali, na kwa mwanafunzi fedha hiyo ni mkate wa siku mbili. Soseji za kuchoma ni nzuri, ingawa bei yake si ya kila siku. Jumamosi msongamano ni mkubwa mno; nenda Jumanne au Jumatano alasiri.

Sasa lile jambo lenyewe. Soko hili hufungwa kabla ya Krismasi. Tarehe 23 jioni kwa kawaida ndiyo mwisho, kwa kuwa kwa Wajerumani kiini cha sikukuu ni jioni ya tarehe 24, nayo ni ya nyumbani, mlango ukiwa umefungwa na familia iko mezani. Siku hiyo maduka hufungwa saa nane mchana, na tarehe 25 na 26 ni sikukuu za taifa. Mwaka ule wa kwanza sikuyajua hayo. Nilifika uwanjani tarehe 24 saa kumi, jua likizama, nikakuta watu wakipakia mbao kwenye malori. Nyumbani nilikuwa na mayai manne na nusu mkate. Mama alipopiga simu, kwao ilikuwa saa mbili mbele, wajukuu wamejaa uani na mbuzi wa kesho amefungwa mgombani, nikamwambia kuwa nimekwisha kula.

Kwa hiyo litumie soko hili kama mahali pa kujiandaa. Nunua Stollen kabla halijafungwa. Ni keki nzito ya zabibu kavu iliyofunikwa kwa sukari ya unga, na hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Chakula kingine nunua ifikapo tarehe 22. Alasiri ya tarehe 24 nenda kanisa la Thomaskirche, ambako huimba kwaya ya wavulana iliyoanzishwa mwaka 1212, na ufike mapema sana kwa kuwa viti hujaa.

Mwaka jana nilifanya hivyo, kisha nikawaalika Mkenya na Mrundi tunaosoma pamoja, nikapika mtori kwa ndizi nilizozipata kwenye maduka ya wahamiaji ya mtaa wa Eisenbahnstraße. Hazikuwa mshare, ndizi tunazopikia mtori kwetu, na mtori ulikuwa na utamu usiotakiwa, lakini mama alipopiga nilimgeuzia simu aione sufuria.